Siku ya Kungoja Meli

Basi lililoondoka Dar es Salaam jana humshusha abiria katika stendi ya Nyegezi, Mwanza, akiwa na vumbi kwenye kope na ganzi miguuni. Kama anakwenda Bukoba kwa meli, hapo bado hajafika popote. Meli haiondoki kila siku, na siku inapoondoka huondoka usiku. Mbele yake kuna mchana mzima, pengine na usiku wa ziada, katika mji asioujua. Akipiga simu nyumbani, jambo la kwanza analosema ni kwamba siku imepotea.

Nataka kuitetea siku hiyo.

Ulaya wapo watu wanaoilipia kwa hiari yao. Utalii wa meli za mtoni umeshamiri huko, hasa katika mito ya Rhine na Danube. Danube una urefu wa kilomita zipatazo 2,850, unapita katika nchi 10 na kugusa miji mikuu minne: Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade. Mtalii atakayepanda meli Budapest hushauriwa na mawakala wake afike siku moja au mbili kabla. Sababu zao ni za kawaida: ndege huchelewa, mizigo hupotea, mwili uliovuka bahari unataka muda wa kuzoea saa za ugenini. Basi mtu hufika, hulala hoteli, huvuka daraja kwa miguu kutoka upande wa Buda kwenda upande wa Pest, hunywa kahawa huku akiitazama meli yake ilivyofungwa gatini. Kesho yake anapanda akiwa ameshajuana na mto.

Sisi wa Ziwa Victoria hatuna wakala wa kutushauri mapumziko. Ratiba ndiyo inayotuweka chini, tupende tusipende, na kwa sababu tumewekwa kwa lazima tunaona tumepunjwa. Hatujiulizi siku ile ilikuwa na kazi gani.

Nyegezi inafaa kuanzia swali hilo, maana haina dalili yoyote ya safari ya maji. Stendi yake iliyojengwa upya, yenye maduka na ofisi za tiketi, ni dunia ya barabara tupu. Wapiga debe wanataja Tabora, Kigoma, Dodoma na Arusha kwa pumzi moja. Mabegi ya mistari yamelundikwa hadi kiunoni mwa mtu. Mvulana anapita na ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari iko juu ya mfuniko, pilipili kwenye chupa ya maji yenye tundu kizibo. Aliyeshuka hapo na usingizi anaweza kudhani bado yuko Shinyanga.

Ziwa liko karibu lakini limejificha nyuma ya vilima na mawe. Ukiiacha barabara kuu na kushika njia ya Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ndipo maji yanapoanza kuchungulia kati ya miamba. Nyegezi hiyohiyo ina chuo cha uvuvi. Kwa hiyo wapo wanaosafiri kutoka mikoa ya mbali kuja kulisomea ziwa hapa, na wapo wanaobadilisha basi hapa miaka nenda miaka rudi wasijue kwamba lipo.

Watu wa pwani husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayezunguka kando ya ziwa Mwanza, yeye hali ugali mkavu. Kwa mama lishe, sato wa kuchemsha huletwa mzima, kichwa kimeegemea ukingo huu wa bakuli na mkia umetokeza ule mwingine, ndani ya mchuzi mwepesi wa nyanya, kitunguu na ndimu. Ugali unakuja kwenye sahani yake. Mgeni huanza na nyama ya mgongoni. Mwenyeji huanza na shavu, akashuka taratibu, na mwisho akarudi kichwani kufyonza mifupa mmoja mmoja bila kuona haya. Huyo hana haraka, na ukimtazama kwa muda na wewe unaacha kutazama saa.

Sangara ana habari nyingine. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wengi, kisha akawa biashara kubwa. Viwanda vya Mwanza humkata minofu, na minofu hupanda ndege. Samaki wa ghuba hii kwa hiyo amekwishafika katika miji ya Ulaya yenye mito na meli kabla ya abiria wa stendi ya Nyegezi kupata hata pasipoti, na yeye hakulazwa njiani.

Kutoka Nyegezi daladala hupita Butimba, Mkuyuni na Igogo kabla ya kuingia mjini. Upande wa kushoto ziwa linatokea na kupotea. Upande wa kulia nyumba zimepanda mlima na kujishikiza juu ya mawe yaliyokaa mkao ambao mgeni huapa yataporomoka leo. Mjini, karibu na gati ya kivuko cha Kamanga, Mwamba wa Bismarck unasimama majini ukipigwa picha. Mpaka hapo abiria bado ni mtalii wa kulazimishwa. Bandarini ndipo siku yake inapoanza kuwa na maana.

Kwenye foleni ya tiketi mbele yangu alisimama mzee mwenye koti la suti na ndala, mkononi ana bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili.

"Shikamoo, baba," karani alimsalimu.

"Marahaba, binti. Nashukia Kemondo."

"Nipe kitambulisho, baba. Na namba ya ndugu yako mmoja."

Mzee akatoa kadi ndani ya bahasha. Karani akaandika majina mawili, akaanza kumrudishia kadi. Mzee hakuipokea.

"Andika yote matatu, binti. Kwetu majina yanafanana sana."

Karani akaongeza la tatu. Mzee akaomba asomewe. Akasomewa. Akaomba namba ya simu nayo isomwe. Kijana nyuma yangu akasonya kwa sauti ya kusikika. Mzee hakugeuka. Alipokwisha kusikia tarakimu ya mwisho aliitikia kwa kichwa, akalipa, akasogea pembeni kupanga chenji yake.

Kijana yule kwa umri wake asingeweza kukumbuka. Mzee lazima alikumbuka, kama anavyokumbuka kila mtu wa Kagera na Mwanza aliyekuwa mtu mzima tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi ya siku hiyo MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupakia tena Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa inaelekea kuingia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio: wengine husema zaidi ya 800, wengine hukaribia 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Miili mingi ilizikwa Igoma, na kila ifikapo Mei 21 watu hukusanyika pale makaburini kuomba.

Tumeyazoea makadirio hayo kiasi kwamba hayatushtui tena. Lakini kati ya 800 na 1,000 kuna watu 200. Hicho ni kitongoji kizima, na hatuna hakika kama kilikuwemo melini. Mtu aliyekuwa daraja la tatu alikufa mara moja kwa maji, kisha akaachwa nje ya hesabu, na ndugu zake wakabaki na kazi ya kuthibitisha kwamba alisafiri.

Yakajirudia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugorora kisiwani Ukerewe, kilipinduka kikiwa kimebakiza umbali mfupi kutia nanga Bwisya, Ukara. Kilikuwa cha kubeba watu wapatao 100. Ilikuwa siku ya gulio. Waliokufa walizidi 220. Hapo pia hapakuwa na orodha ya kushika mkononi; hesabu iliendelea kupanda kadiri miili ilivyotolewa majini.

Isidhaniwe kwamba maji ya Ulaya yana huruma kuliko yetu. Usiku wa tarehe 29 Mei 2019, mjini Budapest, mashua ndogo ya watalii iitwayo Hableány iligongwa na meli kubwa ya utalii wa mtoni karibu na Daraja la Margaret, ikazama kwa sekunde chache. Mvua ilikuwa inanyesha na mto ulikuwa umejaa. Ndani walikuwa watu 35: Wakorea Kusini 33 na mabaharia wawili wa Hungary. Waliokoka saba. Miili 27 ilipatikana, mingine kilomita nyingi chini ya mto na wiki kadhaa baadaye. Mmoja hajapatikana.

Utajiri wa mji ule haukuwasaidia waliozama. Kilichokuwapo, ambacho Kemondo na Bugorora hakikuwapo, ni namba. Waokoaji waliingia kazini wakijua wanatafuta wangapi na ni akina nani. Yule mmoja asiyepatikana ana jina na ana familia isiyolazimika kumshawishi mtu yeyote kwamba mpendwa wao alipanda.

Orodha kama ile haitokani na wema wa karani peke yake. Inahitaji muda. Majina matatu, kitambulisho na simu ya ndugu huchukua dakika kadhaa kwa mtu mmoja, na zizidishe kwa mamia. Watu wakimiminika wote saa ya mwisho, na honi imeshapigwa, hakuna karani duniani atakayeandika. Atahesabu vichwa kwa macho, kisha ataacha hata kuhesabu. Tunasema haraka haraka haina baraka, halafu tunakimbia. Siku ya kungoja ndiyo inayompa karani nafasi ya kuuliza na abiria nafasi ya kusema, "Nisomee." Tunayoiita siku iliyopotea ndiyo inayohakikisha mtu hapotei.

Ina faida ya pili, ngumu kuieleza kwa tarakimu. Ni saa za mwisho ambazo msafiri bado ana hiari. Ngazi ikishaondolewa umejikabidhi kwa nahodha, kwa fundi wa mitambo na kwa kuli aliyepanga mizigo. Kabla ya hapo uko huru. Unaweza kwenda gatini mchana kweupe uitazame meli inavyokaa majini, imenyooka au imelalia upande. Unaweza kuuliza jaketi okozi zimewekwa wapi. Unaweza kutazama mbingu. Wavuvi wa huku wanajua kwamba ziwa hili lina tabia ya usiku: nchi kavu ikipoa, maji hubaki na joto, upepo kutoka kila ufuko huvutwa kuelekea katikati, ukikutana huko hupanda juu na kuzaa ngurumo. Ndiyo maana upande wa Bukoba huamkia mvua wakati Mwanza imeamka kavu. Na meli yetu husafiri usiku. Kujua hilo kabla ya kupanda hakumzuii mtu kusafiri. Kunamfanya asafiri kama mtu aliyekubali, tofauti na gunia lililopakiwa.

Hata meli yenyewe ilingoja. MV Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, mji wa mto Clyde nchini Uskoti. Ikafunguliwa vipande, ikaja Mombasa kwa bahari, ikapanda reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Enzi za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, mtu aliweza kulizunguka ziwa lote kwa meli, Kisumu hadi Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, akarudi alikoanzia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, meli zikagawanywa, na duara likakatika. Victoria ikabaki Tanzania, ikawa njia ya watu wa Bukoba, hadi iliposimamishwa mwaka 2014 kwa uchakavu. Ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. Februari 2023 katika bandari ya Mwanza Kusini ikashushwa majini meli mpya kabisa, MV Mwanza, yenye urefu wa zaidi ya mita 90, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo.

Hapo katikati barabara nayo imekuja juu. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita zipatazo 3 juu ya maji, kati ya Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema. Foleni za kivuko zilizokuwa zikila saa nzima au zaidi sasa ni dakika chache ndani ya basi. Wengi walihoji nani atapanda meli tena. Jibu linaonekana Desemba, watu wa Kagera wanaporudi kula Krismasi nyumbani na ndizi, maharage na senene wanawangoja. Wanaopanda meli sasa wengi wameichagua. Wanataka kunyoosha miguu, kupeleka godoro na friji bila kugombana na kondakta, kulala na kuamka wanaona taa za Kemondo. Safari iliyokuwa ya shida imeanza kuwa ya starehe, na hilo ni jema. Lakini starehe pia ina msongamano wake, na Desemba ndiyo wakati ambao kila mtu hufika kwa pamoja.

Hapa ndipo utetezi wangu wa siku ya kungoja unapokutana na ukweli wa mfukoni. Mtalii wa Budapest hungoja juu ya kitanda cha hoteli. Mwenye nafasi kidogo Mwanza hungoja gesti, akaoga, akapiga pasi shati. Wa daraja la tatu anangoja juu ya mzigo wake, nje, kwa sababu usiku mmoja wa gesti unaweza kukaribia nauli yake. Kwa hiyo hufanya hesabu ya mtu mwenye akili: hafiki siku moja kabla. Hupanga basi limfikishe Nyegezi jioni, akimbilie bodaboda, atokeze bandarini dakika za mwisho. Na anayefika dakika za mwisho ndiye anayeandikwa vibaya, au haandikwi. Mwaka 1996 waliokosa orodha hawakuwa wamechaguliwa kwa bahati. Walikuwa ni haohao.

Kungoja basi kumekuwa mali, na kama mali nyingine haikugawanywa sawa. Nikisema abiria afike mapema, nimesema neno jepesi kwa mwenye shilingi na zito kwa asiyenazo. Mji unaojivunia meli mbili za watu 1,200 kila moja unadaiwa mahali ambapo mtu wa daraja la tatu anaweza kukaa mchana kutwa bila kufukuzwa: benchi, kivuli, choo kisafi, maji ya kunywa, pa kuweka mzigo. Unadaiwa dirisha la tiketi linalofunguliwa asubuhi na kumwandikisha hata anayesafiri usiku wa kesho. Jina likiweza kuandikwa kwa simu mtu angali Kahama au Tabora, na likasomwa tena kwa kitambulisho pale langoni, aliyechelewa kwa umaskini hatakuwa tena amepotea kabla ya kuzama. Hayo hayahitaji mkopo wa nje wala jiwe la msingi. Gharama yake ukiilinganisha na ya chuma kilichoelea pale gatini ni ndogo.

Na abiria naye ana sehemu yake. Aliyepewa mchana mzima akaulala wote gesti, akapanda bila kuuliza kitu, ameupoteza kweli. Apande mapema. Aende aone jaketi lilipo, alivae mara moja na kulivua. Amwambie ndugu anapanda chombo gani na daraja lipi. Kisha, kabla ngazi haijaondolewa, amuulize mhudumu aliye karibu, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika na wengine: tuko wangapi humu? Akijibiwa kwa namba kamili, akalale. Akijibiwa kwamba ni wengi tu, ngazi bado iko pale.